Mgeni Ajengaye Nyumba: Somo kutoka Rabai na Meru

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 23 na Yeremia 29:1-7



Katika somo hili twataka kutafakari habari za mtu aendaye kukaa katika nchi isiyo yake. Jambo hili latuhusu sote. Wengine wetu walizaliwa katika sharika zilizoanzishwa na wageni kutoka ng'ambo. Wengine ni walimu waliotumwa mbali na kwao, kwenye watu wa lugha nyingine na chakula kingine. Wengine ni wenyeji, nao huona leo mganga, kesho mwalimu, akishuka garini na masanduku yake, asijue hata mahali pa kuteka maji. Inatupasa kujua mgeni afanyeje ili awe mtu wa nyumbani, na mwenyeji afanyeje ili amsaidie.

Mithali yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia mithali hii kwa kumcheka mgeni mvivu. Lakini ina maana nyingine iliyo njema zaidi. Aliyepewa jembe hapewi kazi tu, amepewa na heshima. Hakai tena barazani kama mtu wa kupita, bali ameingizwa katika shamba la wenyewe. Basi na tutazame wageni wengine walivyopewa jembe, na wengine walivyolikosa.

1. Milki ya kwanza ni kaburi

Ibrahimu aliitwa kutoka kwao, akakaa Kanaani katika hema miaka mingi. Mungu alimwahidi nchi yote, lakini hakuwa na hata shamba moja lililo lake. Sara alipokufa huko Hebroni, ndipo Ibrahimu alipowaendea wana wa Hethi, akainama mbele yao, akakiri kwamba yeye ni mgeni kwao, akaomba mahali pa kuzikia. Walikuwa tayari kumpa bure, naye hakukubali. Alimpimia Efroni shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi, langoni mwa mji. Hivyo milki ya kwanza ya yule mwenye ahadi ilikuwa kaburi la mkewe.

Mambo ya namna hii yalitokea pia katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mdachi wa nchi ya Württemberg, aliyezaliwa mwaka 1810, akalelewa katika kanisa la Kilutheri, akafundishwa Basel, kisha akatumwa na shirika la misioni la Kiingereza liitwalo C.M.S. Kwanza alifanya kazi Uhabeshi, akazuiliwa asirudi huko. Mwaka 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe Rosine. Sayyid Said akampa barua ya kumpeleka kwa maliwali wake wa pwani, nao wakaenda kukaa Mombasa.

Hawakukaa miezi mingi. Mwezi wa Julai mwaka uo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikamshika. Krapf mwenyewe alikuwa amelala kwa homa. Mama akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akafa. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapitao wakumbushwe kwa nini watu hawa walikuja. Wakamzika huko. Krapf akawaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni alama ya kazi iliyokwisha kuanza katika nchi hii.

Ndugu msomaji, tusiyapite maneno haya upesi. Mtu akiwa na nyumba tu katika nchi ngeni, aweza kuifunga akaenda zake. Akiwa na kaburi, sehemu ya nafsi yake imekwisha kubaki pale. Ndiyo maana mwenyeji huanza kumwamini mgeni siku ile amwonapo akizika na kulia. Lakini tujifunze na neno la pili kwa Ibrahimu: hata katika msiba wake hakutwaa mahali kwa nguvu, wala hakusema, "Mungu amekwisha kunipa." Aliomba, akalipa, na mashahidi wakaona.

2. Ruhusa ya wazee

Mwezi wa Juni 1846 alifika mwenziwe Krapf, jina lake Johannes Rebmann, naye ni mtu wa Württemberg. Wakaazimu kutoka mjini Mombasa na kwenda kukaa Rabai, juu ya vilima, kama kilomita 20 kutoka kisiwani, kwa watu walioitwa siku zile Wanyika, nao ndio jamaa ya Wamijikenda wa leo. Watu hao walikuwa na kaya zao zilizozungukwa na msitu, na shauri la kaya lilikuwa mikononi mwa wazee.

Angalieni utaratibu wao. Barua ya Sayyid Said walikuwa nayo, lakini hawakuitia mbele ya Warabai kama fimbo. Walikwenda wakaonana na wazee, wakaeleza wametoka wapi na wanataka nini. Wazee wakakaa barazani wakashauriana. Shauri lao lilikuwa la watu wenye akili na huruma: waliona kwamba ndege nao wana viota vyao, basi na Wazungu hawa hawana budi kuwa na nyumba. Wakawakubali.

Hapa mwenyeji ndiye aliyekuwa mkubwa, na mgeni ndiye aliyekuwa mwombaji. Jambo hili lataka kukumbukwa, maana habari za misioni zimezoea kusimuliwa kana kwamba mgeni ndiye aliyetoa vyote na mwenyeji akapokea tu. Sivyo. Kipawa cha kwanza kilitoka kwa Warabai: mahali pa kukaa.

3. Nyumba na homa

Mwezi wa Agosti 1846 walihama. Wote wawili walikuwa na homa, na punda mmoja tu. Kilima kilikuwa kikali, wakawa wakibadilishana kumpanda. Ikiwa mtu angewaona siku ile, asingedhani kwamba kazi yo yote ingeweza kutoka kwa wagonjwa hawa wawili. Nyumba yao ilijengwa kwa vitu vya nchi, kama walivyojenga wenyeji.

Nyumba ya namna hii ina faida nyingi. Mgeni ajengaye kwa vitu vya mahali hapo hana budi kuwauliza wenyeji: mti gani hauliwi na mchwa? Makuti yasukwe namna gani? Mvua hutoka upande upi? Kwa kuuliza, hujifunza majina ya vitu, na pia hujulikana. Fundi aliyekufunga fito za nyumba yako si mtu baki tena. Lakini mgeni ajaye na kila kitu katika masanduku, hata msumari wa mwisho, hana haja ya jirani, na jirani naye huona kwamba hahitajiwi.

Juu ya homa, watu wa zamani zile walidhani yatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Dawa ya kwinini ilikuwa imekwisha kupatikana tangu mwaka 1820, lakini asili ya ugonjwa haikujulikana. Mwaka 1880 Laveran, daktari Mfaransa, aliona vijidudu vya malaria katika damu. Na mwaka 1897 Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa Uhindi, akaonyesha kwamba mbu ndiye achukuaye. Johannes Wagner, kijana aliyefika mwaka 1849 kuwasaidia ndugu wale, aliuawa na homa mwaka uo huo. Sisi tulio na elimu hii hatuna udhuru. Mgeni aendaye kukaa mahali pa mbu na alale ndani ya chandalua, asiache maji kusimama karibu na nyumba, na aonapo homa apimwe damu bila kukawia. Kuhatarisha mwili ambao Mungu amekupa kwa kazi, na njia ya kuulinda ipo, si imani bali ni uzembe.

4. Lugha ni mlango

Kabla ya kujenga cho chote, Krapf alikuwa amekwisha kuanza kujenga kitu kingine. Mwaka ule ule wa 1844, kabla ya msiba wake, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Naye aliyemsaidia alikuwa Mwislamu, kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwaka 1850 Krapf alichapa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ilitolewa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Rebmann naye alikaa miaka na mtu mmoja jina lake Salimini, aliyetekwa utumwani kutoka nchi ya Nyasa, akaandika kutoka kinywani mwake maneno ya lugha ya Kinyasa. Mtumwa akawa mwalimu, na mwenye elimu ya Ulaya akawa mwanafunzi. Kamusi hiyo ilichapwa mwaka 1877.

Mgeni ajifunzaye lugha hana budi kukubali kuwa mtoto. Atachekwa. Atasema neno baya akidhani ni jema. Watoto wa jirani watamsahihisha. Asiyekubali kuchekwa hatajua lugha, na asiyejua lugha atakaa miaka 20 akiongozwa na mkalimani kama kipofu. Rebmann alipouona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na weupe kileleni, aliyemwongoza hakuwa na jina la kuuita ila "baridi". Wenye elimu ya ramani huko Ulaya walimpinga Rebmann miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Yule kiongozi asiyejua kusoma ramani alikuwa amesema kweli kwa neno moja.

5. Mmoja wa safari, mmoja wa kukaa

Krapf alikuwa mtu wa safari. Moyo wake ulitamani mnyororo wa vituo vya misioni toka pwani ya mashariki hata ya magharibi. Alikwenda Usambara na Ukambani, akauona mlima Kenya mwaka 1849. Mwili ukamshinda, akarudi kwao mwaka 1853.

Rebmann alikuwa na safari zake pia, lakini baadaye akawa mtu wa kukaa. Mkewe Emma alikufa Rabai mwaka 1866. Macho yake yakaingia giza. Bwana Bartle Frere alipofika Rabai mwaka 1873, alimkuta mzee kipofu katikati ya karatasi za maneno yake, pamoja na Wakristo wachache sana. Mwaka 1875 Rebmann akarudishwa kwao, baada ya miaka 29 bila kwenda likizo hata mara moja, akafa mwaka 1876.

Mtu wa kwanza waliyempata huko Rabai alikuwa Mringe, kiwete, ambaye alibatizwa karibu na kufa kwake mwaka 1851. Mtu apimaye kazi kwa hesabu atauliza: je, hii ni faida? Lakini Yeremia aliwaandikia watu wa Yuda waliochukuliwa Babeli habari ya namna hii hii. Nabii wa uongo Hanania alikuwa amesema kwamba katika miaka miwili mambo yote yatarudi kama kwanza. Neno tamu! Mtu aliyeliamini asingefungua mizigo yake. Yeremia akawaagiza kinyume: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea amani mji ule waliopelekwa, kwa kuwa amani ya mji ndiyo amani yao. Akawaambia kwamba hesabu ya miaka ni 70, wala si miwili.

Asiyefungua mzigo hapandi mti. Mgeni ahesabuye miezi hata siku ya kurudi kwao hatapanda mwembe, kwa maana hatakula embe zake. Lakini nyumba isiyo na mti si nyumba ya mtu, ni kambi. Mwalimu uliyetumwa mbali, panda mti mwaka wa kwanza. Ukihamishwa, mwingine atakaa kivulini.

6. Meru: wageni na kivuli cha bunduki

Sasa ni lazima kutaja habari ya uchungu. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Machame, Kilimanjaro. Nchi ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serikali ya Wadachi, na vita vilikuwa vimepiganwa karibu, huko Moshi, mwaka mmoja uliotangulia. Mwaka 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walivuka kwenda Meru ili kuanza kituo huko Akeri. Walikuwa vijana kutoka nchi za Baltiki, wala hakuna sababu ya kudhani kwamba walikwenda na nia mbaya. Lakini wakati ule ule kikosi cha askari wa serikali, chini ya Kapteni Johannes, kilikuwa kimepiga kambi si mbali nao.

Wenyeji wangewezaje kupambanua? Wazungu hawa na Wazungu wale walikuwa wa rangi moja, walisema lugha moja, walifika siku zile zile. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 mashujaa wa Kimeru na Kiarusha waliwashambulia, wakawaua Ovir na Segebrock, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Kisha serikali ikalipa kisasi: watu wengi wa Meru na Arusha waliuawa, na ng'ombe wao wakatwaliwa.

Tunawaheshimu waliokufa Akeri, nao Wachagga wale tusiwasahau, maana walikufa ugenini vilevile. Lakini kuheshimu kufa kwao hakutuzuii kujifunza. Mgeni huonwa pamoja na yule ajaye nyuma yake. Huko Rabai wageni wawili walipanda kilima na homa na punda, na wazee wakashauriana kwa uhuru. Huko Meru hata neno jema lilisikiwa pamoja na mlio wa bunduki. Uhuru wa mwenyeji wa kusema "hapana" ndio unaolipa thamani neno lake la "karibu".

Wamisionari walirudi Meru mwaka 1902, wakaanza kituo Nkoaranga. Usharika ulikua pale, na leo Wameru wenyewe ndio wanaohubiri na kutumwa. Hii ni rehema ya Mungu. Haibatilishi lile kosa la kuja pamoja na jeshi, bali yaonyesha kwamba Mungu huweza kupanda katika shamba lililokanyagwa.

7. Nasi je?

Siku zile Afrika ilipokea tu wahubiri. Siku hizi hutuma pia. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoungana kuwa moja mwaka 1963, limetuma watumishi wake Kongo, Malawi na nchi nyingine. Basi maneno haya yatushike pande zote mbili.

Wewe uliye mgeni: omba kabla ya kujenga. Salimu wazee kwanza, tena wa kila upande, si wa usharika wako tu. Kula ulichopewa. Usiizungushie nyumba yako uzio mrefu hata jirani akusikie tu na asikuone. Usilinganishe kila siku mambo ya hapa na ya kwenu, kwa kuwa mwenyeji husikia, hata akinyamaza. Uliza bei kabla ya kununua, usije ukawapandishia majirani maskini bei ya soko kwa wingi wa fedha zako. Na siku ya msiba, nenda ukakae chini pamoja na watu, hata kama hujui maneno ya kusema.

Nawe uliye mwenyeji: usimfanye mgeni mfalme, wala usimfanye mfuko wa fedha. Ni dhambi moja yenye nyuso mbili. Amsifuye mgeni katika kila jambo ili apate kitu kwake, humwacha aanguke shimoni huku akimpigia makofi. Mwambie kweli kwa upole: kisima kile hukauka mwezi wa Septemba, mtu yule hakopesheki, neno lile ulilolisema jana ni tusi. Mpe jembe. Mwache afanye kazi, akosee, ajifunze. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa anamficha mgeni maradhi yake.

Naye Bwana wetu, tukumbuke, alikuja kwetu kama mgeni asiye na mahali pa kulaza kichwa. Hakuja na jeshi. Alijifunza lugha ya mama yake, akashika kazi ya useremala ya Nazareti miaka mingi kabla ya kuhubiri, akazikwa katika kaburi la mtu mwingine. Atakaye kujua namna ya kukaa ugenini na amtazame yeye.

Maswali ya kuzungumza katika kikao

1. Kwa nini Ibrahimu alikataa kupewa kaburi bure? Sisi tungefanyaje?
2. Katika usharika wetu, mgeni wa mwisho aliyekuja kukaa alipokewa namna gani? Nani alimwambia kweli?
3. Je, yuko jirani yetu aliyeletwa hapa si kwa kupenda kwake, kwa vita au njaa? Tumempa jembe, au twamwacha barazani?
4. Mwalimu ahamishwapo, anaacha nini nyuma yake? Hesabuni miti iliyopandwa katika uwanja wa kanisa lenu, mkaseme ilipandwa na nani.

Kila mwalimu na aongoze mazungumzo haya kwa subira, wazee na vijana wakisikizana, kisha pawe na maombi kwa ajili ya wote walio mbali na kwao usiku huu. Amina.